Anayekimbia Kipigo na Mtoto Anayebaki: Karne Moja ya Sheria ya Malezi Guangzhou

Tarehe 8 Machi 1924 wanawake wa Guangzhou walikusanyika katika Bustani ya Kwanza, katikati ya mji, wakaadhimisha Siku ya Wanawake Duniani kwa mkutano wa hadhara wa kwanza wa aina yake nchini China. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa mwanamapinduzi He Xiangning. Walitaka masuria wakomeshwe, vijakazi wasinunuliwe tena, na ikome ile desturi ya kumpeleka binti mdogo ukweni alelewe huko hadi aolewe na kijana wa nyumba hiyo hiyo. Madai yalikuwa mengi lakini mzizi wake ulikuwa mmoja: mwanamke na uzao wake walihesabiwa kuwa mali ya ukoo wa mume. Naanzia kwenye mkutano huo kwa sababu swali linaloulizwa leo katika mahakama za mji huo huo, mtoto akae na nani pale ndoa inapovunjwa na kipigo, limechipuka kwenye mzizi huo, na miaka mia moja ya sheria mpya haijaung'oa wote.

Sheria waliyozaliwa nayo wanawake wale ilikuwa ya enzi ya Qing, iliyotawala tangu 1644 hadi 1912. Ndani yake mume aliyempiga mkewe bila kumvunja mfupa wala jino hakuwa na kosa. Akimvunja, adhabu yake ilipunguzwa ngazi mbili chini ya ile ya aliyempiga mtu baki, tena kwa sharti kwamba mke mwenyewe ndiye aliyepeleka mashtaka. Mke aliyeinua mkono dhidi ya mume alihukumiwa fimbo 100. Mume aliruhusiwa kumwacha mke kwa sababu saba, zikiwemo kutozaa mtoto wa kiume na kusema sana. Na watoto? Swali halikuulizwa. Mtoto aliandikwa katika daftari la ukoo wa baba, akachoma ubani kwa wahenga wa baba, na mama akiondoka aliondoka peke yake.

Katika wilaya za Shunde, Nanhai na Panyu, kwenye delta ya Mto Zhujiang (Panyu leo ni sehemu ya jiji la Guangzhou), walikuwako wanawake waliolijibu jambo hili kabla sheria haijabadilika hata mstari mmoja. Viwanda vya hariri vya mvuke vilipoanza kufunguliwa Nanhai miaka ya 1870, msichana aliweza kushika mshahara wake mwenyewe. Wengi walijifunga nywele kwa mtindo wa mke aliyeolewa, wakala kiapo cha kutoolewa maisha yao yote. Watu wakawaita zishunü. Wengine waliolewa lakini wakakaa kwao miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwa mume. Wanahistoria wanataja mshahara wa hariri kama sababu kubwa, nami sina ubishi, ila naamini hofu nayo ilikuwamo. Mwanamke aliyejua kwamba akipigwa atatoka bila mwanawe alikuwa na kila sababu ya kutoingia kabisa.

Januari 1926 chama cha Kuomintang kilifanya mkutano mkuu wake wa pili hapo hapo Guangzhou, kikapitisha azimio la harakati za wanawake lililotaka uhuru wa kuoana na kuachana, na haki ya binti kurithi. Miaka michache baadaye moyo wa azimio hilo ulionekana katika Kanuni ya Madai ya Jamhuri, ambayo sehemu yake ya familia ilitangazwa Desemba 1930 na kuanza kutumika Mei 1931. Mke aliruhusiwa kudai talaka akitendewa ukatili usiovumilika, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kifungu cha 1051 kilisema kwamba wanandoa wakiachana kwa hiari, malezi ya watoto yatakuwa ya mume, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 1055 kikaieneza kanuni hiyo hadi kwenye talaka ya mahakama, ingawa jaji aliachiwa nafasi ya kuteua mlezi mwingine kwa manufaa ya mtoto. Basi mwanamke aliyethibitisha mbele ya jaji kwamba mumewe ni mkatili alipewa talaka yake, na yule yule mkatili akaanza akiwa mlezi halali wa watoto hadi hapo jaji atakaposhawishika vingine. Taiwan, ambako kanuni hiyo iliendelea kutumika baada ya 1949, kifungu hicho kilikaa hadi 1996.

Bara, Wakomunisti waliingia Guangzhou Oktoba 1949, na tarehe 1 Mei 1950 Sheria ya Ndoa ikatangazwa, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa za Jamhuri ya Watu. Kwa suala letu ilikuwa mapinduzi. Ilisema kwamba mtoto hubaki mtoto wa wazazi wote wawili hata baada ya talaka, kwamba anayenyonya akae na mama anayemnyonyesha, na kwamba aliyekwisha kuachishwa ziwa, wazazi wakigombana, mahakama iamue kwa kuangalia manufaa yake. Haki ya ukoo ilifutwa kwa kalamu. Vijijini haikufutika kirahisi hivyo: serikali yenyewe ilikiri kwamba katika miaka ile ya mwanzo makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa au walijiua kwa sababu ya migogoro ya ndoa, na Machi 1953 ukatengwa mwezi mzima wa kampeni nchi nzima kuieleza sheria hiyo. Kipigo hakikutajwa popote kama sababu ya kumnyima mtu malezi. Kilihesabiwa kuwa mabaki ya fikra za kikabaila, jambo la kukaripiwa na kupatanishwa na kamati ya mtaa au wakubwa wa kazini.

Sheria ya Ndoa ya 1980 ilileta kipimo kipya, kwamba talaka itolewe mapenzi ya wanandoa yakiwa yamevunjika. Ilikuja wakati ule ule wa siasa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo mmoja akawa tegemeo la wazazi wawili na mababu na mabibi wanne. Kugombaniwa kwake kukawa kukali kuliko zamani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye waraka ambao, kwa maoni yangu, umeamua maisha ya watoto wengi kuliko sheria yoyote ya bunge. Tarehe 3 Novemba 1993 Mahakama ya Juu ya Watu ilitoa mwongozo juu ya malezi ya watoto katika mashauri ya talaka. Mtoto chini ya miaka 2 kwa kawaida aende kwa mama. Aliyezidi miaka 10 aulizwe anataka nini. Kwa walio katikati, mahakama ziliambiwa zimpe kipaumbele mzazi aliyekwisha kufungwa uzazi, mzazi asiye na mtoto mwingine, na mzazi ambaye mtoto amekaa naye kwa muda mrefu kiasi kwamba kumhamisha kungemdhuru. Liliongezwa na hili: wazazi wakiwa sawa kwa hali, na mtoto akiwa amelelewa miaka kadhaa na wazazi wa upande mmoja ambao wako tayari kuendelea kumlea, upande huo upewe uzito. Kusoma tu, hakuna la kulaumu. Mtoto anahitaji utulivu, na anahitaji bibi. Mwongozo huo ulitumika kwa miaka 27.

Ufuate sasa mwendo wa tukio lenyewe. Mwanamke anapigwa usiku. Anatoka mbio na nguo aliyovaa, mtoto amelala chumbani kwa mama mkwe. Anapanga kwa rafiki, anatafuta kazi, anafungua shauri. Mahakama za China zina mazoea ya muda mrefu ya kukataa ombi la kwanza la talaka ikiwa mwenzake hataki kuachana, kwa matumaini kwamba watapatana, na sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inamtaka aliyekataliwa asubiri miezi 6 kabla ya kurudi, isipokuwa awe na jambo jipya la kueleza. Anarudi. Kufikia siku hiyo mtoto amekaa na babu na bibi mwaka mzima, amezoea shule ya pale, ameanza kumsahau mama. Jaji, mtu mwema kabisa, anafungua mwongozo wa 1993 na kuona kwamba kumhamisha mtoto kutamsumbua. Sheria haikuwa na kifungu kinachompendelea mpigaji. Ilikuwa na kifungu kinachompendelea aliyebaki na mtoto, na kipigo ndicho kilichoamua nani abaki na nani akimbie.

Profesa Ethan Michelson wa Chuo Kikuu cha Indiana alichambua maelfu kwa maelfu ya hukumu za talaka kutoka mikoa ya Henan na Zhejiang, na mwaka 2022 akachapisha matokeo katika kitabu kinene. Alikuta kwamba madai ya ukatili yalipita mbele ya majaji bila kubadili mengi: wanawake walioyatoa walikataliwa talaka mara ya kwanza kama wengine, na katika malezi baba walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupewa mtoto wa kiume, hasa vijijini. Guangdong, mkoa wenye mji wa Guangzhou, si Henan. Lakini mamilioni ya waliojenga na kushona Guangzhou wametoka mikoa kama Henan, Hunan na Sichuan, watoto wao wakabaki vijijini kwa wazazi wa mume, na shauri likifunguliwa, mama anayefanya kazi kwenye cherehani za Guangzhou huonekana ndiye aliyemwacha mtoto.

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani haya ni ya Wachina peke yao. Kwetu Tanzania, Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, kwamba watoto ni wa baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuja kuwa bora kuliko nyingi za zama zake: kifungu cha 66 kinakataza mwanandoa kumpiga mwenzake, na kifungu cha 125 kinaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama. Ila kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama izingatie kwamba si vizuri kumvuruga mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hadi mikono. Mtego ni ule ule. Mwanamke wa Temeke aliyetoka mbio kwenda kutafuta fomu ya PF3 polisi, akashauriwa arudi wakayamalize nyumbani, akaenda kwao Singida na mtoto akabaki, anakutana na sentensi hiyo miezi kumi baadaye.

Tukirudi China, neno lenyewe, ukatili wa nyumbani, liliingia katika Sheria ya Ndoa kwa marekebisho ya Aprili 2001, miaka sita baada ya Beijing kuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa wanawake. Likawa sababu ya talaka na sababu ya fidia. Kwenye malezi halikutajwa. Ukatili ulibaki kwenye jalada lake na mtoto kwenye jalada lake, hata pale ambapo jaji aliyashika yote mawili mkononi.

Wa kwanza kuyaunganisha hawakuwa wabunge. Walikuwa watafiti wa taasisi ya sheria iliyo chini ya Mahakama ya Juu, ambao Machi 2008 walitoa mwongozo wa kusikiliza mashauri ya ndoa yenye ukatili. Humo waliandika kwamba ukatili ukithibitika na wazazi wakishindwa kukubaliana, mtoto kimsingi akae na aliyetendewa ukatili. Mwongozo ulipelekwa kwanza kwenye mahakama chache za majaribio. Agosti mwaka huo mahakama moja ya Wuxi ikatoa amri ya kwanza ya ulinzi nchini, na mahakama ya wilaya ya Xiangzhou, mjini Zhuhai, ikawa miongoni mwa zilizoshiriki upande wa Guangdong. Udhaifu wake ni kwamba haukuwa sheria. Jaji aliweza kuutumia katika maelezo yake lakini si kama msingi wa hukumu. Taiwan ilikuwa imekwisha kulitia jambo hilo ndani ya sheria yenyewe tangu 1998, kwa kuweka dhana kwamba mtoto kukaa na mtenda ukatili ni kinyume cha manufaa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. New Zealand ilifanya vivyo hivyo 1995, baada ya baba mmoja huko Wanganui, aliyekuwa amekabidhiwa binti zake watatu na mahakama ingawa mama alikwisha kulalamikia ukatili wake, kuwaua wote watatu mwaka 1994.

Kisha likaja shauri lililoifanya China nzima isikilize, na chimbuko lake lina mkono wa Guangzhou. Li Yang alikuwa mtangazaji wa redio mjini humo kabla ya kuanzisha huko huko, mwaka 1994, kampuni ya kufundisha Kiingereza kwa kupiga kelele, Crazy English, iliyomjengea umaarufu wa kujaza viwanja vya michezo. Agosti 2011 mkewe, Mmarekani Kim Lee, alibandika kwenye mtandao wa Weibo picha za paji lake la uso lililovimba na sikio linalotoka damu. Binti yao mdogo aliona alivyopigwa. Kim alikuwa amekwenda polisi, amekwenda hospitali, ameambiwa kwa namna mbalimbali kwamba mume na mke ni watu wa kupatana. Li Yang alikiri hadharani kwamba alimpiga. Tarehe 3 Februari 2013 Mahakama ya Wilaya ya Chaoyang, Beijing, ilivunja ndoa kwa sababu ya ukatili, ikampa Kim malezi ya mabinti wote watatu, matunzo ya yuan 100,000 kwa kila mtoto kwa mwaka hadi afikishe miaka 18, fidia ya yuan 50,000, mgawo wa mali wa yuan milioni 12, na amri ya ulinzi ya miezi mitatu, ya kwanza Beijing.

Wanawake wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tazama kilichohitajika. Mdai alikuwa na picha, ripoti ya polisi, cheti cha hospitali, mume mashuhuri aliyekiri mbele ya kamera, na umma uliokuwa unaitazama mahakama. Na kubwa kuliko yote, hakuondoka nyumbani bila watoto. Walikuwa naye muda wote. Muuza mboga wa soko la Sanyuanli, Guangzhou, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Utafiti mkubwa wa Shirikisho la Wanawake la China na idara ya takwimu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 24.7 ya wanawake walioolewa walikuwa wamepitia aina fulani ya ukatili ndani ya ndoa. Vijana wa kike hawakukaa kimya. Mmoja wao ni Zheng Churan, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen cha Guangzhou, aliyekamatwa mjini humo Machi 2015 pamoja na wenzake wanne wa miji mingine, mkesha wa Siku ya Wanawake, walipokuwa wakipanga kampeni dhidi ya kusumbuliwa kwa wanawake kwenye mabasi. Walishikiliwa siku 37. Mwaka huo huo, tarehe 27 Desemba, Sheria ya Kupinga Ukatili wa Nyumbani ikapitishwa, ikaanza kutumika 1 Machi 2016. Nayaweka matukio hayo mawili pamoja makusudi. Waliolipigia kelele jambo hili mitaani walistahili kushukuriwa siku ile, na hawakushukuriwa.

Sheria hiyo ina vifungu 38. Inautambua ukatili wa mwili na wa akili, kuanzia kupiga na kufunga kamba hadi matusi na vitisho vya kila siku. Inawataka walimu na madaktari watoe taarifa wanapoona dalili kwa mtoto. Polisi wanaweza kumpa mtenda ukatili onyo la maandishi, na onyo hilo huwa ushahidi. Mahakama inatoa amri ya ulinzi ndani ya saa 72, au 24 ikiwa ni dharura, kwa muda usiozidi miezi 6, na inaweza kuongezwa. Mzazi aliyemdhuru mtoto vibaya anaweza kuvuliwa ulezi. Lakini kuhusu mtoto akae na nani baada ya talaka yenye kipigo, vifungu vyote 38 viko kimya.

Guangdong ilisogea hatua moja mbele. Kanuni za mkoa za kutekeleza sheria hiyo zilipitishwa mwishoni mwa Julai 2020 na kuanza 1 Oktoba mwaka huo, na ndani yake kuna kauli ambayo ingefaa kusomwa katika kila mahakama yetu ya mwanzo: mtoto aliyeshuhudia ukatili nyumbani naye ni mwathirika wa ukatili. Kauli hiyo inabomoa utetezi wa siku nyingi wa mpigaji, kwamba yeye na mkewe wana ugomvi wao lakini hajawahi kumgusa mtoto. Wakili wa Guangzhou anayemtetea mama sasa ana maandishi ya mkoa ya kumwonyesha jaji kwamba mtoto aliyejificha chini ya meza akisikia mama analia ameguswa.

Siku chache kabla ya kanuni hizo kuanza, Sichuan ikaonyesha gharama ya kuchelewa. Lhamo, mwanamke wa Kitibeti aliyependwa mtandaoni kwa video zake za maisha ya mlimani, alikuwa ameachana na mume aliyekuwa akimpiga. Mume alitishia kuwaua watoto wao wawili wa kiume asiporudi. Akarudi. Akapigwa tena, akaomba talaka ya pili, na mwaka 2020 mahakama ikaivunja ndoa na kumpa baba watoto wote wawili. Septemba 14 mtu yule alimmwagia petroli na kumchoma moto akiwa hewani mbele ya watazamaji wake. Alifariki tarehe 30. Muuaji alihukumiwa kifo 2021, na hukumu ikatekelezwa Julai 2022, lakini hilo halikumrudisha mtu. Kinachonikera kila ninapolirudia shauri hili ni ile hukumu ya malezi. Mtu aliyetumia uhai wa watoto kama silaha dhidi ya mama yao alikabidhiwa watoto hao na chombo cha dola.

Kanuni mpya ya Madai ilipoanza 1 Januari 2021, mwongozo wa 1993 ulifutwa, na umri wa kumsikiliza mtoto ukashushwa kutoka miaka 10 hadi 8. Kwa aliyezidi miaka 2, kipimo kikawa manufaa makubwa zaidi ya mtoto. Kumsikiliza mtoto ni jambo jema, lakini mtoto wa miaka 8 anayeishi na mpigaji anajua kinachompata anayemuudhi, na jibu lake mbele ya jaji linahitaji sikio lenye mafunzo. Juni 2021 Sheria ya Kulinda Watoto iliyorekebishwa ikakataza kumpora au kumficha mtoto ili kushinda malezi. Hilo lilitokana na kilio cha akina mama waliojiita Utepe wa Zambarau, ambao watoto wao walichukuliwa na baba na kufichwa kwa miezi au miaka, na ambao walikuwa wakishinda mahakamani kwenye karatasi bila kumwona mtoto kwa macho. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikalegeza kipimo cha ushahidi wa amri ya ulinzi: inatosha kuonyesha kwamba uwezekano wa ukatili ni mkubwa.

Na hatimaye, majalada mawili yakafungwa uzi mmoja. Ufafanuzi wa Mahakama ya Juu ulioanza kutumika 1 Februari 2025 unaitaka mahakama, pale wazazi wote wawili wanapomtaka mtoto aliyetimiza miaka 2, ifikirie kwanza kumpa mzazi mwingine ikiwa mmoja wao ametenda ukatili wa nyumbani, au ni mcheza kamari au mtumiaji wa dawa za kulevya. Aliyempora au kumficha mtoto naye anapoteza kipaumbele, isipokuwa kama yule mwingine ndiye mkatili. Sharti hilo la mwisho limeandikwa na mtu aliyeelewa. Mama anayekimbia na mtoto kwa kuogopa kipigo hatahesabiwa sawa na baba anayemficha mtoto ili kumkomoa mama. Ilichukua miaka 17 tangu watafiti wa 2008 kuliandika wazo hilo, na miaka 101 tangu mkutano wa Bustani ya Kwanza.

Jambo hili linawahusu Waswahili moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaa wa Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, umekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika: Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wanaofunga kago, wanaosindikiza wateja viwandani, wanaokula ugali kwenye vyumba vya juu vya majengo kama Tianxiu. Wengi wameoana na Wachina na kuzaa. Anayeishi huko kwa ukaazi wa kifamilia hapewi ruhusa ya kufanya kazi kwa ukaazi huo, na kuuhuisha kunategemea mwenzake. Mtoto mwenye mzazi mmoja Mchina kwa kawaida huhesabiwa Mchina, kwani sheria ya uraia ya 1980 haitambui uraia pacha, na huandikwa kwenye daftari la kaya la mzazi huyo. Ukiunganisha hayo unaona kwa nini mwanamke wa Kiswahili anayepigwa Guangzhou hukaa kimya: akiachwa, anaweza kupoteza ukaazi, na akipoteza ukaazi, mtoto anabaki ng'ambo ya bahari. China bara haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu watoto waliovushwa mipaka, ingawa unatumika Hong Kong na Macau, kwa hiyo hakuna njia ya mkato ya kumrudisha mtoto aliyevushwa. Baba wa Kiafrika naye huyapata haya, na sheria inamhesabu sawa: mwenzake akiwa ndiye mpigaji, ufafanuzi wa 2025 unamlinda yeye.

Lipo la ziada linalowaumiza watu wetu. Ndoa iliyofungwa msikitini au kanisani bila kuandikishwa serikalini si ndoa mbele ya sheria ya China, na walio hivyo hudhani hawana pa kwenda. Wanapo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki sawa na mwingine yeyote, na Sheria ya Kupinga Ukatili wa Nyumbani, katika kifungu cha 37, inawalinda pia watu wanaoishi pamoja bila kuwa wanafamilia kisheria. Maombi ya amri ya ulinzi hayalipiwi ada. Yanapelekwa mahakama ya wilaya anapoishi mwombaji, anapoishi mtuhumiwa au kilipotokea kipigo, na aliyetishwa asiweze kwenda mwenyewe anaweza kuombewa na ndugu wa karibu, polisi, Shirikisho la Wanawake au kamati ya mtaa. Cheti cha hospitali, namba ya taarifa ya polisi wa 110, onyo la maandishi, ujumbe wa vitisho uliohifadhiwa kwenye simu, vyote hupokelewa. Amri inaweza kumtoa mpigaji nyumbani na kumkataza kumsumbua au kumfuata mwombaji na jamaa zake wa karibu, mtoto akiwemo, na hapo anayelazimika kutafuta pa kulala usiku huo ni aliyepiga.